Romanée-Conti: Shamba Dogo, Jina Kubwa
Katika kijiji cha Vosne-Romanée, eneo la Bourgogne nchini Ufaransa, lipo shamba la mizabibu lisilofika hekta 2, na mvinyo wake mwekundu ni miongoni mwa ile ya bei kubwa kabisa duniani. Wengi husema siri ni udongo: mteremko unaotazama mashariki, mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, maji yasiyotuama. Ni kweli, lakini majirani nao wana udongo unaokaribiana na huo. Kilichojenga jina hili, naamini, ni subira ya watu. Watawa walilitunza tangu enzi za kati, na mwaka 1760 likanunuliwa na Mwanamfalme wa Conti. Filoksera, mdudu anayekula mizizi, alipoangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hapa walimpiga dawa hadi 1945, ndipo wakang'oa mizabibu ya kale na kupanda upya. Hakuna mvinyo wa mavuno ya 1946 hadi 1951.

Atakayepinga atasema bei hiyo ni ya uhaba tu, maana chupa ni elfu chache kwa mwaka. Uhaba hupandisha bei, sikatai. Ila mwenye pupa ya faida asingevumilia miaka sita bila chupa hata moja.