Mti wa Noeli: juu ya nini kitu cha koko hakitupwi

Mwezi wa Desemba ukikaribia mwisho, kupamba mti wa Noeli mu Uvira hakuombi feza nyingi. Tawi la msipre linasimamishwa mu ndoo ya mchanga na mawe, linawekwa pamba na karatasi za bonbon. Lakini kuna vitu ambavyo soko haliuzishi: vile vinavyobeba jina la mtu.

Desturi hii ilianza kwa wasemaji wa Kijerumani huko Ulaya. Mu 1605, msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg walitundika maua ya karatasi, matunda na vitamutamu. Mipira ya kioo ya Lauscha, Ujerumani, ilienea nyuma, mu karne ya 19. Kwa hiyo mapambo ya nyumbani njo ya kwanza. Ya dukani yalifuata.

Uvira inajua kupoteza. Mu Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukabeba watu na nyumba. Kiisha ziwa nalo likapanda. Wengine walikimbia vita. Mtu anayekimbia anashika mtoto, sufuria na karatasi za lazima. Picha za ukutani zinabaki.

Ndiyo maana kitu kidogo kina bei yake: ushanga wa koko, bracelet ya mtoto aliyezaliwa maternité, kielea cha wavu ambao baba alivulia ndagala, kipande cha kitenge kilichoshonwa kama nyota. Mtoto atauliza: "Hii njo ya nani?" Mzee akijibu, mtoto anamjua koko ambaye hakumuona.

Namna ya kuvichunga:

– Andika jina na mwaka nyuma ya kila kitu.
– Kiisha Noeli, viweke vyote mu boite moja yenye kufunga vizuri, juu, karibu na karatasi za familia. Siku ya mbio, mkono mmoja unatosha.
– Picha ya zamani usiitundike. Ipige na telefone, utundike kopi.
– Buji isikaribie pamba.
– Kata tawi, usikate mti. Mizizi ya milimani inashika udongo usishuke mitoni.

Na familia ambayo maji yaliondoa vyote? Ianze na karatasi moja, ikatwe nyota, iandikwe jina la yule anayekumbukwa. Mwaka kesho, hiyo nyota itakuwa ya zamani.