Marekani: Lori linalovuta nyumba husimamishwa na kitu kidogo, si moteri

Magharibi ya mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, barabara kubwa I-70 inapanda milima mpaka kwenye tuneli ya Eisenhower, kwenye kimo cha mita karibu 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa likizo, malori ya mazutu hupanda mlima huo moja nyuma ya lingine, kila moja likivuta nyumba nzima: vitanda, jiko, choo, friji na tangi la maji. Shofere anaangalia sindano mbili mbele yake, ile ya joto na ile ya mafuta. Anajiuliza kama lori litafika bila kuharibika, na kama litafika, litakuwa limekula mazutu kiasi gani.

Maswali hayo yanajulikana vizuri pia Kivu na Ituri. Shofere anayepanda Ngomo akitoka Kamanyola kwenda Bukavu, ao yule anayepanda Kabasha akielekea Kanyabayonga, hajawahi kuvuta nyumba ya likizo. Lakini moteri yake inateswa namna ileile, kwa uzito, mlima na joto. Wamarekani wamejaribu malori yao kwa zaidi ya miaka 30, na magonjwa ya kila aina ya moteri yamejulikana, mpaka kipande cha chuma kidogo kuliko kidole.

Kwa nini mazutu

Malori yanayofanya kazi hiyo yanatoka kwa watengenezaji watatu: Ford na moteri yake ya Power Stroke, Ram na moteri ya Cummins, na General Motors na moteri ya Duramax. Si makamio ya mapine kumi na nane. Ni magari ya mzigo yenye kabini ya familia na sanduku wazi nyuma, lakini yenye fremu nzito na moteri ya mazutu ya litra zaidi ya sita.

Nyumba ndogo huvutwa kwa ndoano nyuma ya lori. Zile kubwa hufungwa ndani ya sanduku, juu ya ekseli ya nyuma, ili uzito ukae juu ya ekseli hiyo na remoroki isiyumbe ovyo. Nyumba kubwa ya aina hiyo, ikiwa na maji na vitu vya watu, hufika tani 5 mpaka 8.

Moteri ya mazutu inapendwa kwa sababu inavuta kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Tena ina turbo, inayosukuma hewa ndani ya silinda. Kule juu kwenye tuneli ya Eisenhower, kani ya hewa imepungua kwa karibu theluthi moja kuliko kwenye ukingo wa bahari. Moteri isiyo na turbo huishiwa pumzi, lakini yenye turbo huendelea kupanda.

Mwaka 1989, Dodge iliweka kwa mara ya kwanza ndani ya lori lake moteri ya Cummins ya litra 5.9, silinda sita kwa mstari. Ilikuwa na nguvu za farasi 160, na nguvu yake ya kuvuta ilikuwa nyutoni-meta 542. Mwaka 2019, moteri ya litra 6.7 ya ukoo huohuo ilifika nyutoni-meta 1,356. Nguvu ya kuvuta iliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka 30. Nyumba zilizovutwa nazo zikawa ndefu na nzito zaidi.

Upepo unakula mazutu

Mtu anayenunua gari dogo Marekani hukuta karatasi kwenye kioo inayoonyesha gari hilo linakula mafuta kiasi gani. Kwa malori haya, karatasi hiyo haipo. Sheria hailazimishi iwekwe kwenye lori ambalo uzito wake ulioruhusiwa, pamoja na mzigo, unapita kilo 3,855. Kwa hiyo wenye malori wengi huandika wenyewe kwenye daftari: kilometa walizotembea, litra walizojaza, siku ya upepo, siku ya mlima.

Hesabu zao hazitofautiani sana. Lori likiwa tupu, kwenye barabara nzuri, hula litra 12 mpaka 14 kwa kilometa 100. Likifungwa nyumba kubwa, hula litra 22 mpaka 29. Kwa safari ya kilometa 1,000, hiyo ni kutoka bidoni sita na nusu za litra 20 mpaka bidoni kumi na mbili, na mara nyingine kupita hapo.

Wengi hufikiri ni uzito peke yake unaokula mazutu hayo. Uzito unakula kweli, hasa wakati wa kupanda na kila mara gari linapoondoka baada ya kusimama. Lakini kwenye barabara iliyonyooka, adui mkubwa ni upepo. Nyumba kubwa ina kimo cha karibu mita 4 na upana wa mita 2 na nusu. Ni kama kusukuma ukuta mbele ya hewa. Na hewa haisamehe mwendo: lori likitoka kilometa 90 kwa saa na kufika 110, nguvu ya hewa inayolizuia inaongezeka kwa karibu nusu.

Ndiyo sababu watu wawili wenye lori moja na nyumba moja hupata hesabu tofauti kabisa. Anayekubali kutembea kilometa 90 kwa saa anarudi na pesa mfukoni. Katika jimbo la California, sheria yenyewe inakataza gari linalovuta remoroki lisipite maili 55 kwa saa, sawa na kilometa 88. Sheria hiyo imewekwa kwa usalama, lakini inasaidia pia tangi la mafuta.

Kitu kidogo kinasimamisha lori kubwa

Juu ya kudumu, habari inashangaza. Chuma kikubwa cha moteri hizi hakifi upesi. Zipo nyingi ambazo zimepita kilometa 500,000 na bado zinavuta. Vinavyokufa ni vitu vilivyofungwa pembeni: pompi, vipozeo, vihisi, filtri.

Cummins za miaka ya 1994 mpaka 1998 zinapendwa sana kwa sababu pompi yake ya mazutu haiongozwi na kompyuta. Fundi mwenye funguo nzuri anaweza kuitengeneza. Hata hivyo, ndani yake kuna pini ndogo ya chuma iliyo karibu na gia za mbele. Moteri ikitikisika kwa miaka mingi, pini hiyo inaweza kulegea, ikaanguka kati ya gia na kuvunja moteri nzima. Fundi anayejua huweka kizuizi kidogo mbele yake, na maneno yanaisha.

Moteri iliyofuata, mpaka mwaka 2002, ilikuwa na pompi kubwa yenye kompyuta, ambayo inalainishwa na kupozwa na mazutu yenyewe. Mazutu hayo yaliletwa na pompi nyingine ndogo ya bei rahisi. Ile ndogo ilikufa kimya kimya, lori likaendelea kutembea, na baada ya muda ile kubwa ikaungua kwa kukosa mazutu. Wenye malori walijifunza kuweka kipimo ili waone kama mazutu yanafika kwa kani inayotakiwa.

Kwa upande wa Ford, moteri ya litra 7.3, iliyouzwa kutoka 1994 mpaka 2003, ina sifa ya kudumu. Lakini kihisi kimoja kidogo kikifa, lori linazimika katikati ya barabara. Wengi hutembea na kingine kwenye sanduku la mbele, pamoja na funguo ya kukifungua.

Iliyoifuata, ya litra 6.0, ndiyo iliyowaumiza watu. Ndani yake kuna kipozeo cha oili chenye vijia vyembamba. Uchafu wa maji ya radiatere ukiziba vijia hivyo, kipozeo cha moshi kinachofuata hakipati maji ya kutosha na kinapasuka. Kisha jointi ya kichwa cha moteri, iliyobanwa na bolti nne tu kwa kila silinda, inaachia. Anayevuta nyumba nzito mlimani ndiye aliyefikwa kwanza. Moteri hizo zilitengenezwa na Navistar. Ford na Navistar walifikishana mahakamani mwaka 2007 juu ya gharama, wakapatana mwaka 2009. Kutoka malori ya mwaka 2011, Ford inatengeneza moteri yake yenyewe ya mazutu kwa malori hayo.

Moshi safi una bei yake

Kutoka mwaka 2007, malori mapya ya mazutu Marekani yaliwekewa filtri inayokamata masizi ya moshi. Miaka michache baadaye ikaongezwa dawa ya urea inayonyunyizwa kwenye moshi ili kupunguza gesi ya sumu. Hewa ya miji ilifaidika. Lakini mwenye lori alipata vihisi vingi zaidi na tangi lingine la kujaza. Masizi yakijaa, filtri hujisafisha kwa kuyachoma, na mara nyingine mazutu zaidi hutumiwa kwa kazi hiyo.

Hapa lori linalovuta mzigo lina bahati. Moteri inayofanya kazi ngumu hutoa moshi wa moto sana, na joto hilo huchoma masizi bila msaada. Linalopata shida zaidi ni lori kubwa linalotumiwa kwenda sokoni na kurudi, ambalo moshi wake haupati joto la kutosha.

Wengine hukata filtri hiyo na kuitupa, ingawa sheria ya Marekani inakataza. Hata kampuni kubwa ziliingia matatani. Mwisho wa mwaka 2023, Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675. Serikali ilisema malori ya Ram karibu 630,000, ya miaka ya 2013 mpaka 2019, yaliwekewa programu ya kukwepa vipimo vya moshi.

Ili vyombo hivyo vifanye kazi, mazutu yenyewe yalibidi kusafishwa. Kutoka mwaka 2006, mazutu ya barabarani Marekani yalishushwa mpaka sehemu 15 za salfa kwa milioni. Lakini kazi ya kuondoa salfa hupunguza pia utelezi wa mazutu, na dawa huongezwa ili kuurudisha. Pompi moja ya kani kubwa, iliyowekwa katika malori ya Ford kutoka 2011, ya General Motors kutoka 2011 mpaka 2016 na ya Ram mwaka 2019 na 2020, haikuvumilia vizuri. Ikianza kujisaga, hutuma unga wa chuma kwenye njia yote ya mazutu, mpaka kwenye injekta. Matengenezo yake hufika dola 10,000 hivi. General Motors iliiacha. Ram pia iliiacha mwaka 2021, ikayaita tena malori yaliyokuwa nayo.

Kivu, bidoni na filtri

Mazutu mengi yanayouzwa Kivu na Ituri hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ilishusha kiwango cha salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Lakini kati ya bandari na tangi la lori kuna safari ndefu, na mara nyingi inaishia kwenye bidoni ya Kadhafi kando ya barabara. Ndani ya bidoni hiyo maji na mchanga huweza kuingia.

Moteri ya zamani, kama ile ya Land Cruiser 1HZ isiyo na kompyuta, huvumilia mengi. Moteri mpya ya kani kubwa haivumilii tone la maji. Anayenunua lori jipya la mtumba kwa sababu linakula kidogo anapaswa kuhesabu pia filtri. Kumwaga maji yaliyokaa chini ya filtri kila asubuhi, na kuibadilisha kwa wakati, ni bei ndogo sana kuliko injekta.

Maji ya radiatere ni hesabu ya pili. Kuongeza maji ya mtoni kila siku ni kuleta uchafu uleule ulioziba vipozeo vya Ford. Na kwenye mteremko, shofere wa Colorado hashuki akikanyaga freni mfululizo. Anaweka vitesi vidogo na kuiachia moteri izuie lori, ili freni zibaki baridi kwa siku ya hatari. Mashofere wazee wa Ngomo hufanya vilevile.

Linabaki daftari. Wamarekani walianza kuandika litra zao kwa sababu hakuna aliyewaambia lori linakula kiasi gani, kisha wakagundua faida nyingine. Lori lililozoea litra 24 likianza kula 28 kwenye njia ileile, kwa mzigo uleule na mwendo uleule, linaonyesha ugonjwa kabla halijasimama. Labda freni moja haiachii, pine limepungua hewa, bomba la turbo limepasuka, ao injekta inavuja. Daftari na kalamu vinauzwa kwenye kila duka la Butembo, na shofere anayeandika kila anapojaza mazutu huweza kuingia garaje kwa miguu yake mwenyewe, bila kukokotwa.