Lori la Jeshi na Baridi ya Minnesota

Sisi tuliozaliwa mwambao, ambao baridi yetu kali kabisa ni ile ya kipupwe, pale kusi inapovuma alfajiri na mzee akaagiza shuka la pili kabla ya kwenda msikitini, hatukuzoea kulihesabu joto kuwa ni mali. Kwetu joto ni adha ya kukimbiwa: twalifungulia madirisha, twaliponyokea chini ya mwembe, twalipepea kwa upepeo wa ukili. Lakini katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kenya wamekwisha kuweka maskani, na ambako tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, joto ni mali ya kutafutwa, kulindwa na kuwekewa akiba. Wala hapana anayelijua hilo kwa yakini kuliko mtu aliyenunua mnadani lori la zamani la jeshi, kisha akataka kuliendesha mwezi wa Januari.

Lori ninalolikusudia ni lile liitwalo M35A2, la magurudumu kumi, ambalo wanajeshi walilizoea kwa jina la uzito wa mzigo wake, tani mbili na nusu. Ukoo wake ulianza miaka ya 1950, likatumika Vietnam na kwingineko, na jeshi lilipolistaafisha likatawanyika nchini kwa maelfu: mengine yalinunuliwa na wakulima na wapenzi wa magari ya kale, na mengine, kwa mpango wa Idara ya Misitu ya Marekani, yalikabidhiwa vikosi vya wazima-moto wa kujitolea vijijini, nao wakayatwika matangi ya maji. Injini yake ya mitungi sita, yenye ujazo wa lita 7.8, iliundwa iweze kuunguza dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na hata petroli pindi dharura ikizidi. Ni chombo imara, chepesi kufahamika, kinachomtii fundi asiye na kompyuta. Kasoro yake ni kwamba juu ya kichwa cha dereva mna turubai, ubavuni mwake mna mlango wa bati tupu, na miguuni mwake mna matundu.

Asidhani msomaji kwamba waliolisanifu lori hili walikuwa wazembe. Jeshi la Marekani lilikwisha kuonja baridi ya Korea mwishoni mwa mwaka 1950, katika mapigano ya Bwawa la Chosin, ambako hali ilifikia nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri, hata malori yakalazimika kuwashwa mara kwa mara usiku kucha ili injini zisigande. Funzo walilolitoa humo, aghalabu, lilikuwa la injini na la mavazi: injini ipate kuwaka, na askari avishwe koti zito, glavu na viatu vya kujaa hewa, kisha joto lake alichukue mwilini mwake. Hita ya kabini ilihesabiwa kuwa ni nyongeza, ikafungwa katika malori yaliyopangiwa nchi za baridi, na mengi yaliyopelekwa kwingine hayakupata kuwa nayo kabisa. Basi raia anayelinunua leo, akaketi humo na suruali yake ya kawaida, anaomba kwa lori jambo ambalo halikuahidi kamwe.

Na kosa lake la kwanza, nalo ni kosa lililoenea, ni kukimbilia dukani kutafuta hita kubwa zaidi. Mimi naona yafaa aanze mbali na hita, aanzie katika injini yenyewe, maana hita ya maji haizalishi joto hata chembe, ila huazima lile ambalo injini imelitupa. Sasa injini ya dizeli, tofauti na ya petroli, haikabwi pumzi: hewa huingia ndani yake kwa wingi, iwe inafanya kazi nzito ama inanguruma bure, na kinachopunguzwa ni mafuta tu. Kwa hiyo dizeli iliyoachwa ingurume uani huunguza mafuta haba, na papo hapo hujivutia tumboni hewa nyingi ya baridi, basi yaweza kupita nusu saa na maji yake yangali vuguvugu. Fauka ya hayo, rejeta ya lori la jeshi ilipimwa kwa hesabu ya jangwa, limvute mwenziwe mlimani katika nyuzi 50 za joto. Ukiipeleka rejeta hiyo katika theluji, bighairi ya kuifunika, huwa kama mtu anayepepea jiko analotaka liwake huku akilimwagia maji.

Dawa yake ni rahisi na ya bei nafuu. Kwanza hutazamwa themostati, kile kidude chenye nta ndani yake, inayotanuka ipatapo moto ikafungua njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta maji yafikapo kadiri ya nyuzi 82. Kwani themostati iliyokwama wazi huyaachia maji yakapoe kabla hayajapata moto, na dereva hupita majira mazima akiilaumu hita isiyo na hatia. Pili, mbele ya rejeta huning'inizwa pazia la turubai lenye dirisha la kufunguka, ili upepo uingie kwa kipimo. Tatu, mwenye umeme karibu hufunga kikanza cha injini, chenye waya unaochomekwa ukutani saa mbili tatu kabla ya safari. Huko Fairbanks, Alaska, utakuta hata viwanja vya kuegeshea magari vina nguzo za umeme kwa kazi hiyo tu. Injini iliyoamka na uvuguvugu hutoa joto katika dakika za mwanzo, ambazo ndizo dakika za mateso.

Baada ya injini huja maji. Mipira miwili huenda kwenye hita, mmoja ukipeleka maji ya moto na mwingine ukiyarejesha, na fundi mwenye maarifa huishika yote miwili kwa mkono, injini ikiwa imekwisha kupata moto. Ukiwa mmoja wa moto na wa pili baridi, maji hayapiti ipasavyo: huenda koki iliyo juu ya injini imefungwa tangu kiangazi, au pana hewa iliyonaswa, au hita imejaa kutu na tope la miaka arubaini, ambalo hutolewa kwa kupitisha maji safi kinyume ya mwendo wake. Ikiwa yote miwili ni ya moto na dereva angali anatetemeka, basi maji yametimiza wajibu wake, na taksiri imo katika hewa.

Hapa yataka hesabu kidogo. Tuseme feni ya hita hupitisha mita 3 za ujazo za hewa kwa dakika, na hewa hiyo huvutwa nje, nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuifikisha nyuzi 30 za uvuguvugu kwahitaji zaidi ya kilowati 3, sawa na majiko matatu ya umeme ya sahani moja moja yakiwaka kwa pamoja. Lakini ikivutwa hewa iliyomo kabini, ambayo imekwisha kufika nyuzi 5 juu ya sifuri, kazi hiyo hupungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana wengi hukata bomba la hita, wakaifanya ivute hewa ya ndani. Wanapata joto kweli, ila hupata na balaa nyingine: pumzi za watu na theluji inayoyeyuka viatuni hujaza unyevu, unyevu hushika kioo cha mbele, kisha huganda kwa ndani, na dereva akawa anaona ukungu mahali pa barabara. Ushauri wangu ni mlango mdogo wa kugeuzwa kwa mkono, nje kidogo na ndani kidogo, na joto la kwanza daima lielekezwe kwenye kioo kabla ya magoti.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye lori hili alitie moyoni, na ambalo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa mara mbili. Chombo kikiingiza maji baharini, watu hufua maji kwa ndoo, na wakichoka hupokezana. Lakini fundi wa jahazi hamwambii nahodha aongeze wafua maji, ila humwambia akivute chombo pwani, bamvua likijaa, akapitishe pamba iliyotiwa mafuta katika kila mwanya wa mbao, akigonga kwa patasi mpaka ushonane. Lori nalo hutiwa kalafati. Katika ule ukuta wa bati unaotenga injini na dereva mna matundu ya mikono ya usukani, ya waya, ya nyaya za kuvutia, na mengine ya vifaa ambavyo jeshi lilivifunga likaviondoa. Sakafuni mna pedali, mna fimbo ya gia na fimbo nyinginezo, na mpira uliokuwa ukizifunika umepasuka zamani. Tundu moja lenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, likiuelekea upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, laweza kuingiza kadiri ya mita moja ya ujazo kwa dakika. Matundu matatu ya jinsi hiyo huleta hewa ya barafu sawa na yote ambayo ile feni yetu inahangaika kuipasha.

Kuyatafuta kwenyewe ni kazi ya utulivu. Usiku, taa kali huwekwa chini ya boneti, boneti ikafungwa, na mtu akaketi gizani kabini akizihesabu nyota zinazotokeza miguuni pake. Au siku ya upepo, lori likiwa limesimama, huwashwa kijiti cha udi na kupitishwa taratibu pembezoni mwa milango na pale turubai linapokutana na fremu ya kioo. Moshi ukiyumba ghafula, hapo pana mwanya. Matundu ya waya huvishwa vibweta vya mpira, fimbo za gia huvishwa viatu vya mpira vipya, milango hubandikwa utepe wa sponji, na pindo la turubai hushonewa ulimi wa ziada unaolalia bati. Ni kazi ya siku mbili na fedha kidogo, nami sijui kazi nyingine katika lori hilo ilipayo kwa wingi hivyo.

Ziba zikiisha, ndipo lori lifae kuvikwa nguo. Sakafu na ule ukuta wa bati hufunikwa kwa sponji ya vitundu vilivyofungika, isiyonywa maji, kisha mkeka mzito wa mpira juu yake. Sponji ya godoro haifai abadani, kwani hufyonza theluji iliyoyeyuka na kuiozesha sakafu kimya kimya. Karibu na bomba la moshi hutumika kitambaa kisichoshika moto. Juu, turubai moja huongezewa la pili kwa ndani, likaachiwa nafasi ya vidole viwili, kwa sababu hewa iliyotulia baina ya vitambaa viwili ndiyo blanketi lenyewe. Wako wanaolibadili turubai kwa paa la bati, nalo huzuia upepo vizuri, ila bati tupu hupitisha baridi na hudondosha umande, kwa hiyo nalo lataka bitana.

Akiwa bado hajatosheka, mtu aweza kufunga hita inayounguza dizeli yake yenyewe, mfano wa zile za Webasto na Eberspächer za Ujerumani, ambazo moto wake hukaa katika chumba kilichofungwa, ukavuta pumzi nje na kutoa moshi nje, nazo kwa kilowati 2 hutumia karibu robo lita kwa saa. Azingatie tu kwamba umeme wa lori la jeshi ni volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Anayenunua hita au feni ya volti 12, akaitundika kwenye betri moja, hudhani amepata njia ya mkato. Kumbe betri ile hubaki na njaa, ya pili ikavimbiwa, na zote mbili hufa kabla ya siku zao, aghalabu asubuhi ile yenye baridi kupita zote.

Sitaki kulipita hili kwa haraka: kabini iliyotiwa kalafati ni kabini iliyofungwa, na palipofungwa moshi huua. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu akalala akidhani amechoka. Sisi tunalijua janga hili kwa njia nyingine, maana twasikia mara kwa mara, huko Njombe na Makete, habari za jamaa walioingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi wasiamke tena. Kwa hiyo kabla ya kuziba tundu la kwanza, bomba la moshi la lori likaguliwe kiungo kwa kiungo. Jiko la mafuta ya taa lisilo na bomba lisiingizwe kabini hata kwa dakika kumi. Lori lisingurume ndani ya banda lililofungwa. Na king'ora kidogo cha kugundua gesi hiyo kitundikwe karibu na kichwa cha dereva, kijaribiwe kila mwezi.

Theluji ikianza kuyeyuka mwezi wa Aprili, pazia la rejeta huondolewa mapema, maana siku moja ya jua na mlima mmoja vyatosha kuichemsha injini, likakunjwa na kuwekwa chini ya kiti. Koki ya hita hufungwa, na dereva huandika kwenye karatasi kwamba ameifunga. Ziba za matundu huachwa mahali pake. Mwezi wa Julai, Minnesota nayo ikiwa na joto la kutokwa jasho, mipira ile ile huuzuia moto wa injini, harufu ya dizeli na vumbi la barabara za mashamba visimfikie miguuni.