Kunusuru Tovuti Iliyoachwa Njiani

Tovuti inapoachwa nusu, hasara haiishii kwenye fedha zilizokwisha kulipwa. Jina la tovuti, picha za bidhaa na namba za simu za wanachama vinaweza kubaki mikononi mwa fundi asiyepokea tena simu. Kwa kikundi cha wafugaji nyuki wa Kasulu kinachotafuta wanunuzi nje ya Mkoa wa Kigoma, huo ni mlango wa biashara uliofungwa, na ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Hatua ya kwanza si kutafuta mtaalamu mpya, bali kujua kikundi kinamiliki nini. Jina la tovuti na nafasi yake kwenye seva ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja hulipiwa kwa muda maalumu. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Viongozi wamuulize msajili jina limeandikishwa kwa nani na muda wake unakwisha lini. Likiwa limeandikishwa kwa fundi wa awali, aombwe kwa maandishi kulihamishia kwa kikundi. Muda ukipita bila malipo, jina laweza kuchukuliwa na mwingine.

Hatua ya pili ni tathmini. Mtaalamu wa kujitegemea alipwe kwanza kwa kazi hiyo pekee: atengeneze nakala rudufu, akague kilichopo, kisha aandike kipi kinafaa, kipi ni kibovu, na gharama ya kila marekebisho. Anayetaja bei ya kukamilisha kazi asiyoiona anakisia. Tovuti iliyojengwa kwa mfumo unaojulikana na wengi, kama WordPress, kwa kawaida huendelezwa kwa urahisi. Iliyoandikwa upya na mtu mmoja bila maelezo huweza kugharimu zaidi kuitengeneza kuliko kuanza upya.

Hatua ya tatu ni mkataba, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo yagawanywe kwa awamu, na kila awamu ifungamane na jambo linaloonekana, mfano ukurasa wa bidhaa kufunguka vizuri kwenye simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Hivyo mkataba utamke wazi kwamba kazi ikishalipiwa ni mali ya kikundi. Akaunti zote zifunguliwe kwa baruapepe ya kikundi, na nywila zitunzwe na viongozi wasiopungua wawili.

Hatua ya nne inahusu taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde na ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi wa awali anapoondoka, nywila zibadilishwe na ruhusa zake za kuingia zifutwe siku hiyohiyo.

Mwisho, tovuti iliyokamilika huendelea kudai fedha za jina, seva na matengenezo. Kabla ya kusaini mkataba wa kuinusuru, kikao cha wanachama kiamue fedha hizo zitatoka wapi kila mwaka. Jibu likikosekana, ni heri fedha zilizopo zielekezwe kwenye hitaji jingine.