Mlango wa Tabora ambao hakuna aliyeufunga

Mwishoni mwa Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jacob van Deventer, Kaburu aliyepigana upande wa Waingereza, liliifikia reli ya kati pale Dodoma. Agosti ilipoanza, vikosi vyake vilikuwa vinaingia Kilimatinde na Singida. Wakati huohuo Wabelgiji wa Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, walikuwa wameshaingia Kigoma, na Waingereza wengine wakiongozwa na Charles Crewe walikuwa wakishuka kutoka Mwanza. Katikati ya pande hizo tatu ilikuwa Tabora, na ndani yake Jenerali Kurt Wahle na askari wa Kijerumani wa magharibi yote. Njia iliyobaki ilikuwa ya kusini-mashariki.

Haikuzibwa. Wabelgiji waliitwaa Tabora tarehe 19 Septemba, lakini Wahle alikwisha kutoka na watu wake kuelekea Iringa, ambako alipigana tena.

Van Deventer hakwenda magharibi kwa sababu ambazo mwanajeshi yeyote angezielewa. Farasi wake walikufa kwa mbung'o, askari waliugua malaria, na kati ya Kilimatinde na Tabora kuna zaidi ya kilomita 200, pamoja na pori la Itigi lenye maji haba. Mkuu wake, Jan Smuts, alimtaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa mashariki. Sawa. Lakini jeshi moja likichoka, washirika wake huambiana nani ashike wapi, na hilo halikufanyika kwa sababu hawakuaminiana. Ubelgiji, ambayo karibu nchi yake yote ya Ulaya ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ilitaka ardhi Afrika iwe karata ya mazungumzo baada ya vita. Ilitumaini kwamba mwishowe Ureno ingeiachia ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo. Waingereza waliwapa Wabelgiji wapagazi kutoka Uganda, huku wakichelea wasije wakafika mbali mno. Crewe na Tombeur wakashindania kuingia Tabora badala ya kugawana njia za kuizingira.

Tuseme London na Wabelgiji wangekubaliana mapema kwamba Tabora ni ya Ubelgiji hadi amani, na Crewe akatumwa kuikata reli mashariki ya mji. Vita visingeisha, maana Lettow-Vorbeck alijisalimisha Novemba 1918 tu. Ila vita vya magharibi, naamini, vingeisha mwaka ule wa 1916.

Singida ingenusurika na kilichofuata. Februari 1917 Kapteni Max Wintgens, mmoja wa waliotoka Tabora na Wahle, alijitenga na wenzake akarudi kaskazini. Waingereza, waliokuwa wameshughulika kuwaondoa Wabelgiji Tabora, ikabidi wawaombe tena msaada. Wintgens aliugua homa, akajisalimisha Mei. Heinrich Naumann akachukua uongozi, akavuka reli karibu na Malongwe, akalizingira boma la Mkalama, huko Singida. Alikamatwa Oktoba.

Kila kikosi kilichopita, cha rafiki au cha adui, kilikula ghala la mwenyeji. Walichukua mtama, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, Wagogo wa upande wa Dodoma wakapata njaa wanayoiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ambayo makadirio huitaja kuwa iliua watu 30,000 katika Ugogo. Ukame haukuletwa na Smuts wala Tombeur. Maghala matupu yaliletwa na majeshi, na kila mwezi wa vita ulioongezeka uliongeza wanaokula bila kulima. Vitabu vingi vya vita hivi humsifu Lettow-Vorbeck kwa werevu wa kuponyoka; nadhani sehemu ya sifa hiyo ni haki ya waliomfukuza, kwa namna walivyogombana.

Tombeur alipewa cheo cha Baroni wa Tabora. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana Ubelgiji ibaki na Rwanda na Burundi, nayo Tabora ikabaki kwa Waingereza. Ukingo wa Kongo uliotamaniwa ulibaki kwa Ureno.