Grafu ya Maksi Ijaribiwe Kwanza

Moodle, programu ya masomo ya intaneti iliyotoka mwaka 2002, hutunza maksi, na programu za nyongeza huzichorea grafu. Tatizo liko kwenye wastani. Mtoto amepata 80 na 70. Zoezi la tatu mwalimu hajalisahihisha. Nafasi hiyo tupu ikiachwa, wastani ni 75. Ikihesabiwa sifuri ni 50, na mstari unaporomoka. Mtoto atagombezwa nyumbani bure! Uamuzi huo hupangwa na mwalimu ndani ya programu. Basi kabla wazazi hawajaonyeshwa, aandikishe mwanafunzi wa majaribio, ampe maksi hizo, apige hesabu kwa kalamu, alinganishe na grafu. Kisha ajaribu sifuri ya kweli, maana hiyo nayo haifai kufichwa.