Kabureta ya Kabaza Ikiongezewa Hewa

Nchini Malawi, kuanzia vijiwe vya Nsungwi jijini Lilongwe hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, ambako Kiswahili cha Wakongomani na Warundi kimetanda, pikipiki ya abiria huitwa kabaza. Mwenye nayo akitaka nguvu zaidi huondoa boksi la chujio la hewa, hufunga chujio la wazi, kisha hukata ekzosi. Mlio unanenepa. Jeti za kabureta hubaki zilezile za kiwandani, na hapo ndipo injini huanza kuumia.

Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba la kabureta, kasi yake hupanda, shinikizo hushuka, na petroli hunyonywa kupitia jeti, yaani kitundu cha shaba. Gramu 1 ya petroli huhitaji kama gramu 14.7 za hewa iungue yote. Boksi lilikuwa likibana hewa kidogo na hivyo kuongeza mnyonyo. Likiondoka, hewa huingia nyingi kuliko petroli inayoifuata. Injini huchemka, ekzosi hulipualipua resi ikiachiwa, na kwenye mlima mrefu pistoni yaweza kutoboka.

Wapo wanaotegemea mwinuko kufidia petroli iliyopungua. Lilongwe iko karibu meta 1,050 juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya pwani, hivyo kabureta iliyopimwa pwani huzidisha mafuta kwa asilimia 5 hivi. Ni kweli. Lakini tangu 1982 Malawi huchanganya petroli na ethanoli ya miwa, iliyoanza kutengenezwa Dwangwa. Ethanoli ina oksijeni ndani yake: ikiwa asilimia 10 ya mchanganyiko, ile 14.7 hushuka hadi kama 14.1, na karibu 4 kati ya zile asilimia 5 huishia hapo. Akiba ya mwinuko imeliwa karibu yote kabla fundi hajagusa boksi.

Dawa ni kununua jeti kubwa zaidi. Kutanua tundu kwa waya ni kubahatisha: milimita 1.0 ikifika 1.1 tu, eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 21, na plagi hujaa masizi. Na kwa vumbi la Dzaleka, boksi lingebaki tu. Mchanga humaliza ringi za pistoni upesi.

Fundi makini huanza na jeti kuu. Huendesha resi ikiwa imejaa, huzima injini papo hapo, hufungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri; ikiwa nyeusi kavu, mafuta yamezidi; ikiwa nyeupe, yamepungua. Kisha sindano ya kabureta: klipu yake ikishushwa ngazi moja, sindano hupanda, na mafuta huongezeka resi ikiwa katikati.

Saileni, yaani mwendo wa injini resi ikiwa imeachiwa, huja mwisho, injini ikiwa ya moto. Skrubu iliyo upande wa chujio ikilegezwa huongeza hewa. Iliyo upande wa injini ikilegezwa huongeza mafuta. Hugeuzwa robo kwa robo mpaka mngurumo utulie, na resi ikivutwa ghafla injini ipande bila kusita.